Sanduku la Yehoyada

Kila mjadala wa fedha za kanisa unapopamba moto, hakosi mtu wa kusimama na 2 Wafalme 12:15. Waliosimamia ukarabati wa hekalu hawakudaiwa hesabu, atasema, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Basi mtumishi wa Mungu aaminiwe; anayemdai stakabadhi ana roho ya uasi. Tulipokuwa tukiandaa toleo hili hoja hiyo imetufikia tena na tena, mara nyingine kutoka kwa wasomi wa theolojia, nami imenichosha.

Wanaoitumia huanzia mwisho wa habari. Rudini aya chache nyuma. Mfalme Yoashi aliwaachia makuhani fedha za ukarabati, akawaamini kama tunavyowaamini wa kwetu. Hata mwaka wa 23 wa utawala wake, nyufa zilikuwa palepale. Sura haisemi kwamba makuhani waliiba, na hapo ndipo penye uzito: kazi ililala bila kuhitaji mwizi. Ndipo kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja, mtu wa ikulu na mtu wa hekalu, zikapimwa ndipo zikakabidhiwa wasimamizi. Uaminifu wao unasifiwa mwishoni, utaratibu ukiwa umeshawekwa.

Paulo naye, katika 2 Wakorintho 8, hakulitegemea jina lake. Mchango wa Yerusalemu uliandamana na Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije mtu akawalaumu. Mtume huyo! Sisi tuna wazee wa kanisa wanaoona haya kumwomba mchungaji orodha ya miamala.

Naisema miamala makusudi. Kapu la sadaka lilikuwa na walinzi wake: wazee wawili watatu mezani, daftari, sahihi, na tangazo la Jumapili inayofuata. Siku hizi zaka inatumwa kwa simu, na katika sharika kadhaa ninazozifahamu namba imesajiliwa kwa jina la mtu binafsi. Ujumbe unaingia kwenye simu moja, unasomwa na jicho moja. Tumebadili kapu, utaratibu tukauacha njiani, kisha tunashangaa minong'ono. Lipa namba ya kanisa, iliyounganishwa na akaunti yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, humkinga mweka hazina mwaminifu na uvumi asio na jinsi ya kuujibu.

Makala ya kwanza ya toleo hili inarejea Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipokataa fedha alizotoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, Kayole. Mwandishi anauliza swali gumu kuliko langu: nani huhoji fedha zinapoingia? Ya pili, kuhusu nidhamu ya mazoezi, itawafaa wanakwaya. Ya tatu inatetea utii kwa viongozi kwa Waebrania 13:17. Imeandikwa kwa ufasaha, ila mwandishi angeisoma aya nzima angeona kwamba viongozi hao wenyewe ni watu watakaotoa hesabu.

Barua za kunipinga zitachapwa. Isiyo na jina la mwandishi na usharika wake haitachapwa, hata ikisheheni maandiko.