Wenye "Without You" ni Badfinger

SIKIO LA JUMAMOSI
Na Rashidi Mwinjuma

"Without You" ya Mariah Carey, iliyotamba mwaka 1994, wengi wetu tunaijua mpaka pumzi anapovuta. Wapenzi wa zilipendwa watakukumbusha kwamba Harry Nilsson alishaufikisha wimbo huo kileleni, Marekani na Uingereza, mwaka 1972. Wanaofika kwa wenyewe hasa ni wachache mno. Wenyewe ni Pete Ham na Tom Evans wa Badfinger, bendi ya roki iliyoanzia Swansea, Wales.

Walikuwa na nyimbo mbili ambazo hazijakamilika. Ham alikuwa na beti zisizo na kiitikio cha kuridhisha, Evans ana kiitikio kisicho na beti. Wakaziunganisha, na mwaka 1970 wimbo ukatoka kwenye albamu ya No Dice. Usikilize walivyouimba wao. Hakuna okestra, hakuna sauti ya kutikisa dari. Ni vijana wa magitaa wanaoimba bila kumlazimisha mtu alie, na kwangu mimi huzuni yake inachoma zaidi kwa sababu hiyohiyo.

Kilichowaponza ni jirani mkubwa. Walirekodi chini ya Apple, kampuni ya Beatles, na kibao chao cha kwanza kilichovuma, "Come and Get It", kilitungwa na Paul McCartney. Tangu hapo wakaitwa waigaji. Si haki hata kidogo! "Day After Day" ni utunzi wa Ham, na ulishika nafasi ya 4 Marekani. George Harrison, aliyesimamia sehemu ya albamu ya Straight Up ya mwaka 1971, alishika gitaa akapiga naye wimbo huo. "Baby Blue", pia wa Ham, ndio uliofunga tamthilia ya Breaking Bad mwaka 2013, zaidi ya miaka 40 baada ya kurekodiwa.

Yaliyofuata yanatia uchungu. Fedha zao zilikuwa mikononi mwa meneja, na wao hawakuziona. Walipohamia Warner, kukazuka kesi juu ya fedha zisizojulikana zilipo, na albamu yao nzuri ya mwaka 1974, Wish You Were Here, ikaondolewa madukani. Aprili 1975 Ham alijiua akiwa na miaka 27, mtoto wake akiwa bado tumboni mwa mama. Evans naye alijiua Novemba 1983, huku ugomvi wa mirabaha ya "Without You" ukiwa haujaisha.

Ombi langu ni kwa watangazaji wa vipindi vya muziki wa zamani: mkiupiga wimbo huu, awe Mariah au Nilsson anayeimba, tajeni majina ya Pete Ham na Tom Evans. Nawe msomaji, anza na No Dice, kisha nenda Straight Up. Zisikilize zote mbili, mwanzo hadi mwisho.