Mbwa wa getini wanakufa mapema, tusisingizie hali ya hewa

KILA mbwa wa ulinzi anapokufa kabla ya wakati wake, maneno katika mitaa ya Kampala huwa ni yale yale. Wengine husema mbwa wa kizungu hawaiwezi hali ya hewa ya hapa. Wengine husema wezi wamemtega kwa nyama yenye sumu. Wapo pia wanaosema ni bahati mbaya tu, kisha wanatafuta mbwa mwingine wa kumfunga pale pale, na kumlisha vile vile.

Ni kweli kwamba wezi hutega mbwa, na hilo si jambo la kubishania. Ni kweli pia kwamba mbwa asiyechanjwa anaweza kufa kwa maradhi ya kuambukiza kabla hajafikisha mwaka mmoja. Lakini yapo mambo mawili yanayofupisha maisha ya mbwa ambayo hatuyazungumzii, na yote mawili yamo mikononi mwetu. La kwanza ni chakula tunachowawekea. La pili ni damu waliyozaliwa nayo.

Jambo hili linawahusu wasomaji wa ukurasa huu kuliko wanavyodhani. Waliorejea kutoka ugenini na kujenga pembezoni mwa jiji, kuanzia Gayaza na Matugga hadi Mukono, wanajua kwamba nyumba ikishapata geti, kinachofuata ni mbwa. Nao wafanyabiashara wa Busia, Malaba, Mutukula, Mpondwe na Elegu ndio wanaosafirisha mahindi ambayo mwisho wake mengine huingia katika bakuli la mbwa huyo.

Tuanze na bakuli. Chakula cha mbwa wa ulinzi Kampala kinajulikana: ni posho na mukene, yaani dagaa wa Ziwa Victoria. Chakula hicho chenyewe si kibaya, mradi mukene wawe wa kutosha na posho itokane na unga mzuri. Tatizo ni kwamba unga mzuri huliwa na watu. Mbwa huwekewa ule ulioloa ghalani, ule uliobadilika rangi, au pumba za mahindi ambayo mwenyewe aliyanusa akayaweka kando. Darasani, ukiwauliza wanafunzi mbwa wa nyumbani kwao anakula nini, wengi hucheka na kujibu: “Chochote kilichoharibika.”

Kilichoharibika hakibadiliki kuwa kizuri kwa sababu mlaji ana miguu minne. Mahindi yakivunwa mabichi au yakihifadhiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kuipika hakuiondoi. Inashambulia ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kwa urahisi. Akila nyingi kwa mara moja, huacha kula, hutapika, macho na fizi hugeuka njano, hutoa kinyesi chenye damu na kufa baada ya siku chache. Hapo ndipo majirani husema ametegwa na wezi. Akila kidogo kidogo kwa miezi, hakonda ghafla wala haanguki ghafla. Ini linachoka taratibu, na mbwa ambaye angeishi miaka kumi anamaliza mitano.

Haya si mambo ya kubuni. Katika mwaka 1977 na 1978 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret, na chanzo kikabainika kuwa chakula chenye sumukuvu kilichohifadhiwa vibaya. Wakati huo wengi waliliona kuwa jambo la mifugo tu. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo ikaingia katika mahindi ya watu mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 kati yao wakapoteza maisha. Mbwa na kuku walikuwa wametangulia kutoa ishara kwa zaidi ya robo karne.

Wafanyabiashara wetu hawahitaji kukumbushwa yaliyotokea Machi 2021, pale Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalisimama mpakani. Siku chache baadaye zuio hilo liliondolewa kwa masharti, likiwamo la kuwa na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Mwaka 2023 Sudan Kusini nayo ilikamata malori ya nafaka na unga kutoka Uganda kwa sababu hiyo hiyo. Hasara ilikuwa kubwa, na tunawapa pole wote walioipata.

Hata hivyo, kuna swali ambalo halikuulizwa vya kutosha. Mzigo unapokataliwa huenda wapi? Mtu aliyekopa fedha kununua magunia hayo ana kishawishi kikubwa cha kutafuta mnunuzi wa bei ya chini, na neno linalorahisisha biashara hiyo ni moja tu: “Ni ya mifugo.” Neno hilo ni hatari. Ng’ombe wa maziwa akila sumukuvu, sehemu ya sumu hiyo hutoka katika maziwa, na maziwa hayo hunywewa na mtoto. Mbwa naye hana njia ya kulalamika. Hata nchi zenye viwanda vikubwa hazijasalimika. Mwishoni mwa mwaka 2020 chakula cha mbwa cha kiwandani nchini Marekani kilikutwa na sumukuvu, na kufikia Januari 2021 wanyama wa nyumbani zaidi ya 110 walikuwa wameripotiwa kufa.

Sisi tuliosomea ugenini tunajua kwa nini ni vigumu kumwaga mahindi. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya mahindi ya njano ya msaada hawezi kutazama debe zima likitupwa shimoni. Anaona afadhali ampe mbwa, angalau kuna kiumbe atakayeshiba. Tunaielewa huruma hiyo, maana ina historia yake. Lakini kumshibisha mbwa kwa sumu si huruma, na mwisho wake ni gharama: mbwa amekufa, fedha ya kumnunua imepotea, na geti limebaki bila mlinzi.

Kuna kosa jingine la bakuli lililo kinyume cha hilo. Katika nyumba zenye uwezo mbwa hulishwa kupita kiasi, tena kwa mapenzi. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi uliofuata mbwa 48 wa aina ya Labrador tangu wakiwa wadogo hadi kufa. Waligawanywa wawili wawili, mmoja akipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Nusu ya waliokula zaidi walikuwa wamekufa walipofika miaka 11.2. Waliokula kidogo walifika miaka 13, na maumivu ya viungo yaliwaanza wakiwa wamechelewa zaidi. Karibu miaka miwili ya uhai ilitokana na kupunguza kijiko. Kwa mtoto wa mbwa mkubwa hatari ni kubwa zaidi, kwani akinenepeshwa haraka ili “atishe mapema”, mifupa na viungo vyake hukua vibaya.

Tukija kwenye damu, hapa nako tunajidanganya. Mteja wa Kampala huuliza kwanza ukubwa wa kichwa cha mbwa, kisha bei. Haulizi wazazi wake waliishi miaka mingapi. Lakini kila aina ya mbwa huja na maradhi yake, kama vile kila ukoo unavyojua ugonjwa wake. Uchunguzi wa Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Mifugo cha London uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba nusu ya German Shepherd nchini Uingereza walikuwa wamekufa walipofika miaka 10.3, na sababu zilizoongoza zilikuwa matatizo ya mifupa na viungo, na kushindwa kusimama. Kwa Rottweiler, umri huo ulikuwa miaka 9, na theluthi moja ya vifo ilitokana na saratani. Hizo ni takwimu za nchi yenye chanjo na madaktari wa mifugo kila kona. Mbwa wa aina hiyo akifungwa mnyororo kwenye saruji mchana kutwa, akalishwa pumba, atafika wapi?

Mwaka 2024 utafiti mwingine wa Uingereza, uliohusu mbwa zaidi ya 580,000, ulieleza kwamba kwa mbwa wote nusu hufikia miaka 12.5, lakini wenye pua fupi iliyobanwa huishi miaka michache kuliko wenye pua ndefu. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipooza kwa kuhema. Mwenye pua iliyobanwa hupumua kwa shida hata London. Anayemnunua ili amweke nyuma ya geti la bati katika jua la Februari ajue anachonunua.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko ng’ambo ya Mpondwe. Basenji ni mbwa mdogo wa uwindaji wa misitu ya Kongo, asiyebweka kama mbwa wengine. Katika miaka ya 1930 Waingereza waliwachukua wachache, wakawazalisha Ulaya na baadaye Marekani. Kwa kuwa wazazi wa mwanzo walikuwa wachache mno, ndugu walizaa na ndugu, na maradhi yaliyokuwa yamejificha katika damu yakajitokeza. Mojawapo ni la figo: sukari na virutubisho vingine huvuja katika mkojo, mbwa hunywa maji bila kukoma, hukonda, na asipotibiwa hufa. Huanza mara nyingi akiwa na miaka minne hadi minane, yaani katikati ya nguvu zake, akiwa labda ameshazaa.

Wafugaji wa Marekani walifanya nini? Mwaka 1987 na 1988 walirudi Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, wakaenda vijijini kutafuta mbwa ambao hakuna aliyewahi kuwathamini, wakawapeleka kwao kuongeza damu mpya. Mwaka 1990 American Kennel Club, chama kinachosajili mbwa nchini humo, kilifungua daftari lake kuwapokea. Baadaye Chuo Kikuu cha Missouri kikapata kipimo cha vinasaba cha ugonjwa huo, cha awali mwaka 2007 na cha uhakika zaidi mwaka 2011, ili wafugaji wajue nani asizalishwe na nani.

Somo hapo ni zito. Watu walivuka bahari kuja kutafuta kwetu kile tunachokiita mbwa koko. Hatusemi kwamba mbwa wa kienyeji haugui. Anakufa mapema sana, lakini mara nyingi ni kwa kukosa chanjo, kugongwa na magari na kulala njaa, si kwa sababu nyonga zake zilizaliwa zimelegea. Akichanjwa na kulishwa vizuri, mbwa huyu hubweka usiku kama mwingine yeyote, na bei yake ni ndogo.

Kwa hiyo tunashauri mambo machache. Anayenunua mbwa adai kuwaona baba na mama yake, awatazame wakitembea, na akatae mtoto aliyezaliwa na ndugu wawili. Anayezalisha kwa biashara aache kuwarudishia dada kwa kaka kwa sababu tu wako boma moja. Mwenye mbwa apike posho ya unga ule ule anaokula mwenyewe, achambue mchanga katika mukene, achemshe matumbo na mapafu kabla ya kumpa, na asimpe mifupa ya kuku iliyopikwa kwani hukatika kama sindano. Apapase mbavu za mbwa wake: zikiwa hazisikiki mkononi, apunguze chakula, zikiwa zinahesabika kwa macho, aongeze.

Kwa wafanyabiashara, kazi huanzia shambani na turubai. Mahindi yakaushwe juu ya turubai wala si juu ya udongo, unyevu usizidi asilimia 13.5 kama kiwango cha Afrika Mashariki kinavyotaka, na punje zilizooza zichambuliwe kabla ya kujaza gunia. Mzigo uliokataliwa mpakani usigeuzwe jina ukawa chakula cha mifugo.

Kwa Serikali, tunaliomba Shirika la Viwango la Uganda (UNBS) na Wizara ya Kilimo wapime pumba na vyakula vya mifugo sokoni kwa ukali ule ule wanaopimia unga wa watu. Chuo Kikuu cha Makerere kina wataalamu wa tiba ya mifugo hapa hapa jijini. Wapewe nafasi ya kuwachunguza mbwa wanaokufa ghafla, na matokeo yatangazwe. Ini la mbwa mmoja aliyefunguliwa na daktari linaweza kutuambia kilichomo katika ghala la mtaa mzima, kabla zahanati hazijajaa watu.

Mpaka hapo, kila mwenye geti ana jambo la kufanya leo jioni. Afungue gunia ambalo sufuria ya mbwa huchotwa humo, achote konzi moja, aitazame kwenye mwanga na kuinusa. Kama asingeipika kwa wanawe, asiipike kwa mbwa.