AFYA YA JAMAA: Mubirizi, kitunguu saumu na mikrobe ya tumbo



Huku Rurambo, kijana akirudi kutoka karieri za dhahabu za Misisi ao Kamituga, mara nyingi anakuja ameshika tumbo. Linamuwaka, zaidi usiku likiwa tupu. Mama yake anakata majani ya mubirizi, anayatwanga, anamunywesha. Halafu watu wananiuliza: "Pasta, mubirizi njo dawa ya ile tumbo, ao tunajidanganya?"

Jibu haliwezi kuwa la haraka. Tuanze na ugonjwa wenyewe.

Zamani hata wadaktari walifikiri vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo mengi na pilipili. Mwaka 1982, kule Perth, inchi ya Australia, wadaktari Barry Marshall na Robin Warren walifaulu kukuza mikrobe moja iliyotoka katika tumbo za wagonjwa. Inaitwa Helicobacter pylori. Wengi hawakuwasadiki. Basi mwaka 1984 Marshall akaikunywa yeye mwenyewe, na kiisha siku chache tumbo lake likawaka kweli. Mwaka 2005 wote wawili walipewa zawadi ya Nobel. Leo tunajua kwamba watu wengi sana wa Afrika wanaibeba hii mikrobe tangu utoto. Wengi hawasikii kitu, lakini kwa wengine inaleta vidonda, na kwa wachache kansa.

Sasa, tumbo lina asidi kali inayoua mikrobe nyingi. Hii inaishije mule? Ina enzimu yake. Enzimu ni mufanyakazi mudogo sana ndani ya kitu chenye uzima. Kazi yake ni kugeuza kitu kimoja kuwa kingine. Enzimu ya hii mikrobe inaitwa urease. Inashika urea, ile inayopatikana katika maji ya mwili, inaipasua, na amonia inatoka. Amonia inavunja ukali wa asidi pembeni ya mikrobe, kama vile majivu yanavyovunja uchachu. Hivi mikrobe inakaa salama katikati ya moto.

Ndiyo maana watafiti wa inchi nyingi wanatafuta miti inayoweza kuzuia ile enzimu. Ni kama kusukuma kijiti ndani ya kufuli: ufunguo hauingii tena. Kitunguu saumu ni mufano muzuri. Kitu kinachokipa harufu yake, alisini, kinaishika urease na kuifunga. Ndani ya chupa za maabara, kitunguu saumu kinashinda mikrobe.

Lakini tusipige vigelegele mapema. Mwaka 1999, watafiti wa Houston, Marekani, waliwapa watu wenye mikrobe kitunguu saumu kibichi pamoja na chakula. Walipopima, mikrobe ilikuwa pale pale, haikupunguka. Sababu gani? Ndani ya chupa, dawa na mikrobe vinakutana uso kwa uso. Ndani ya tumbo, dawa inachanganyika na chakula na maji, inapita haraka, na mikrobe imejificha chini ya utelezi wa ukuta wa tumbo. Chupa si tumbo.

Na mubirizi? Tuvuke Ziwa Tanganyika, twende Mahale, upande wa Tanzania. Mwaka 1987, mutafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mutongwe anayejua miti ya dawa, walimuona sokomutu jike aliyeitwa Chausiku. Alikuwa mugonjwa. Alivunja tawi la mubirizi, akatupa majani na maganda, akatafuna moyo wake muchungu na kunyonya maji. Kesho yake alikuwa na nguvu tena. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba ule muti unapigana na minyoo ya matumbo.

Basi, akili ya bibi zetu si upuuzi. Lakini muangalie mambo mawili. Kwanza, Chausiku alipigana na minyoo, si na Helicobacter. Kila dawa ina ugonjwa wake. Pili, aliacha majani, kwa sababu majani yana sumu zaidi. Sisi tunayatwanga na kujaza kikombe bila kupima!

Hata dawa ya hospitali kama omeprazole inafanya kazi kwa kufunga enzimu, ile inayosukuma asidi ndani ya tumbo. Tofauti ni kwamba imepimwa, na inaandamana na antibiotiki mbili ao zaidi, kwa kawaida siku 14.

Kwa hiyo, jamaa, tushike haya:

1. Tumbo likiwaka juma mbili, nenda kituo cha afya. Choo kinaweza kupimwa kama kina ile mikrobe.
2. Ukitapika damu, ao choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje muti wala kesho. Ni hatari ya kufa.
3. Ukianza vidonge, maliza. Kuacha siku ya tano kwa sababu maumivu yamepoa kunaifundisha mikrobe kushinda dawa.
4. Mwambie muuguzi kila muti unaokunywa. Usisikie haya.
5. Vijana wa karieri, muache kumeza ibuprofen na diclofenac kila siku juu ya mugongo. Hizo zenyewe zinatoboa tumbo.
6. Nawa mikono kwa sabuni, chemsha maji ya kunywa.

Paulo alimshauri Timoteo juu ya tumbo lake, na bado alitembea na Luka, muganga. Maombi, muti wa bibi na daktari si maadui. Lakini mama asimwache mutoto wake atoke damu kwa sababu ya kutumainia kikombe kimoja.

Swali la kuzungumza nyumbani: Je, ni miti gani tunakunywa hapa kwetu, na nani anajua kipimo chake?

Tuonane mwezi ujao. Mukae na amani.