Mjane aliyefundisha habari za kampuni kubwa

Katika vikundi vyetu swali hili linarudi mara nyingi: binti akizaa mapema, au akifiwa na bwana, je, masomo yake yamekufa? Juma hili tunawaletea maisha ya Edith Penrose, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1914, aliyekuwa profesa na mtafiti wa kampuni zinazofanya biashara katika nchi nyingi.

Mwaka 1938 bwana yake alikufa katika ajali ya kuwinda. Akabaki mjane kijana mwenye mtoto mchanga. Alifanya kazi, akaolewa tena, akazaa tena. Alipoingia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kutafuta udaktari, alikuwa amepita miaka 30, na nyumbani kuna watoto.

Hakukaa na vitabu tu. Mwaka 1954 aliingia ndani ya kampuni ya Hercules, huko Marekani, akachunguza jinsi ilivyokua. Mwaka 1959 akatoa kitabu chake kikubwa. Alionyesha kwamba kampuni haikui kwa feza na mashine peke yake. Inakua kwa yale watu wake wamejifunza wakifanya kazi pamoja. Kiongozi mpya unaweza kumwajiri leo, lakini kuzoeana na wenzake hakununuliwi, kunahitaji muda. Sisi tunalijua hilo: likelemba ikipokea wanachama wengi kwa siku moja, matata huanza.

Wakati huo bwana yake alipata kazi ya kufundisha Baghdad, nchini Iraki, wakahamia huko. Edith aliona petroli ikichimbwa na kampuni za kigeni, akachunguza: kampuni ikiliuzia tawi lake yenyewe, bei inapangwa na nani? Maana bei hiyo ndiyo inayoamua faida ionekane katika nchi gani, na serikali gani ipate kodi. Mwaka 1968 akatoa kitabu juu ya kampuni hizo katika nchi zinazoendelea. Sisi wa Kongo, wenye shaba na kobalti, tunahitaji mabinti wanaoweza kuuliza swali hilo na kufanya hesabu yake.

Alifundisha London, akawa profesa mwaka 1964. Alipostaafu huko, alikwenda kufundisha INSEAD, shule ya uongozi wa biashara huko Fontainebleau, Ufaransa, mpaka akakaribia miaka 70. Alifariki mwaka 1996.

Hatusemi kwamba njia ni rahisi. Tunasema kwamba yale binti aliyojifunza hayaondoki siku anapozaa. Yanangoja mtu wa kumsaidia aendelee.

Kwa mkutano wa juma hili, kila kikundi kihesabu mabinti wa mtaa wake walioacha shule kwa sababu ya mimba. Kisha tujibu mambo mawili: nani atamshikia mtoto asubuhi, na je, zamu moja ya likelemba inaweza kulipa minervali?