Magurudumu ya Fahari na Barabara Zetu

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alinijia nyumbani akiwa na karatasi mkononi na tabasamu la mtu aliyetimiza ahadi aliyojiwekea mwenyewe. Baada ya miaka mingi ya kuabiri matatu, na mingine ya kuendesha gari kuukuu lililotumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Mombasa, hatimaye ameamua kununua gari dogo la saluni, jipya kabisa, lisilowahi kuendeshwa na mtu mwingine. Si Wakenya wengi wanaojaliwa kuifikia hatua hiyo. Aghalabu sisi hununua magari ambayo wenzetu wa ng'ambo wameyachoka, mradi tu yasiwe yamepita umri wa miaka minane unaoruhusiwa na kanuni za nchi. Nilimpongeza kwa moyo mkunjufu.

Lakini kijana hakuja kupongezwa. Alikuja na swali. Katika karatasi ile, chini ya bei ya gari, palikuwa na orodha ya vitu vya nyongeza ambavyo mnunuzi huvichagua kwa hiari yake kabla gari halijaagizwa. Cha kwanza katika orodha hiyo kilikuwa rimu za aloi za inchi 17, zitokazo kiwandani, badala ya rimu za chuma za inchi 15 zenye vifuniko vya plastiki. Bei ya nyongeza hiyo haikuwa mbali na karo ya bintiye ya muhula mmoja. "Mjomba," akaniuliza, "niziongeze au niziache?"

Huenda msomaji akaona kwamba hilo ni swali la watu walioshiba, na kwamba katika nchi yenye matatizo chungu nzima halistahili nafasi gazetini. Mimi sikulicheka. Kwanza, fedha zenyewe ni za mkopo, na kila shilingi inayoongezwa katika bei ya gari hulipiwa riba kwa miaka kadhaa. Pili, nilipomdadisi ili nijue kwa nini anazitamani rimu hizo, alinisimulia kisa kilichonifanya nimwonee huruma.

Mpwa wangu amepanga nyumba Kitisuru, mtaa ambao kuta zake ni ndefu, miti yake ni mingi na malango yake hufunguliwa na mabawabu waliovaa sare. Siku moja alialikwa chakula na mwenzake wa kazini, boma chache kutoka anapoishi. Alipofika langoni na lile gari lake kuukuu, bawabu alilitazama, akayatazama magurudumu yake ya chuma ambayo vifuniko vyake vilikuwa vimeng'oka zamani, kisha akamwuliza, "Umemletea nani?" Alimdhania kuwa dereva wa teksi. Gari lililokuwa nyuma yake, lenye rimu zinazomeremeta kama kioo, lilipigiwa saluti na kufunguliwa lango pasipo swali lolote. Neno lile limemkaa kijana moyoni. Nilitambua kwamba hakuwa akinunua rimu. Alikuwa akinunua jibu la kumpa yule bawabu.

Nitazitetea rimu za aloi kabla ya kuzishutumu, kwa maana haki ni haki. Hazikubuniwa kwa ajili ya majivuno. Ettore Bugatti alipolipeleka mashindanoni gari lake la Type 35 mwaka wa 1924, magurudumu yake yalikuwa ya aluminiamu, na shabaha ilikuwa kupunguza uzito na kuipoza breki. Hata leo, mtu anayeteremka kutoka Limuru kwenda Naivasha atanufaika ikiwa gurudumu lake linapitisha hewa vizuri. Isitoshe, rimu ya kiwandani ina heri kuliko ile inayonunuliwa baadaye mitaani. Walioliunda gari wameipima, wakahakikisha kwamba inaenea barabara penye bolti zake, kwamba haikwaruzi bodi, na kwamba inastahimili uzito wa gari likiwa limejaa watu na mizigo. Anayekwenda kuokoteza rimu katika Barabara ya Kirinyaga, ile iliyoitwa Grogan zama za ukoloni, hana hakika ya lolote kati ya hayo, na wala hajui zilikotoka.

Hata hivyo, mengi anayoambiwa mnunuzi yana chembe tu ya ukweli. Huambiwa kwamba aloi ni nyepesi. Ni kweli kwamba aluminiamu ina uzito wa takriban thuluthi moja ya uzito wa chuma kwa ujazo ulio sawa. Lakini kwa kuwa si imara kama chuma, rimu ya aluminiamu ya kumiminwa katika kalibu hulazimika kuwa nene zaidi; nayo inapoongezwa ukubwa kutoka inchi 15 hadi 17, ule wepesi uliosifiwa waweza kutoweka wote. Basi mnunuzi hulipia sifa ambayo pengine hakuipata.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, si madini bali ni kimo cha tairi. Ubavuni mwa kila tairi huandikwa tarakimu ambazo wengi wetu hatuzisomi. Tuchukue tairi la 185/65 R15. Maana yake ni kwamba upana wake ni milimita 185, na ubavu wake, yaani mpira ulio kati ya rimu na barabara, una kimo cha asilimia 65 ya upana huo, ambayo ni kama milimita 120. Sasa tuchukue la 205/45 R17. Asilimia 45 ya 205 ni kama milimita 92. Magurudumu yote mawili yana kimo kinachokaribiana, takriban sentimita 62 kutoka juu hadi chini, na hivyo gari halipandi wala halishuki. Kilichotokea ni kwamba chuma kimeongezwa na mpira ukapunguzwa. Mpwa wangu alikuwa akiombwa alipe zaidi ili apunguziwe karibu sentimita tatu za mpira unaomkinga na mashimo.

Na mashimo tunayo. Anayetoka Kitisuru kwenda mjini kwa Lower Kabete Road au kwa njia ya Peponi na Westlands ajua ninalolisema: matuta yasiyopakwa rangi, lami iliyomeguka kingo, na mashimo ambayo mvua za Machi hadi Mei huyafunika kwa maji mekundu hata dereva asijue kimo chake. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli tunayonunua hutozwa shilingi 25 za kutunza barabara. Ni haki yetu kudai tuione kazi ya fedha hizo, na tusikome kudai. Lakini hadi siku itakapotimia haki hiyo, mwenye gari hana budi kuchagua gurudumu la barabara aliyo nayo, si la barabara anayoistahili.

Sisemi haya kwa kuyasoma tu vitabuni. Mwaka wa 1996 mimi mwenyewe nilinunua gari jipya, na katika orodha kama hiyo ya mpwa wangu nikatia alama penye rimu za aloi. Nilikuwa kijana mwenye kazi nzuri, na nilitaka jambo hilo lijulikane. Kisha zikaja mvua za El Niño za mwaka wa 1997 na 1998, barabara kuu ya Mombasa ikaharibika vibaya, hata safari ya siku moja ikawa ya siku mbili. Wakati huohuo mama yangu mzazi, aliyekuwa Voi kwa dada yangu, akashikwa na maradhi, nami nikaenda kumchukua nimlete Nairobi kwa matibabu.

Tulikuwa tumeipita Mtito Andei, magharibi inaingia, nilipolitumbukiza gari katika shimo ambalo sikuliona. Magurudumu mawili ya upande wa kushoto yaligonga ukingo wake, moja baada ya lingine. Niliposhuka na tochi nilikuta rimu zote mbili zimepasuka, upepo umekwisha. Tairi la akiba lilikuwa moja. Rimu ya chuma ingepinda, na fundi wa kando ya barabara angeinyosha kwa nyundo kwa malipo ya chai. Ya aloi haipindi kwa hiari, hupasuka, na usiku ule hapakuwa na fundi wa kuichomelea mwendo wa saa nzima kila upande. Pale pale zilitupita Peugeot 504, zile za abiria, zimesheheni watu na magunia, zikiruka mashimo yale yale kwa rimu zao za chuma zilizojaa kutu.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori. Alimpandisha mama katika chumba chake cha mbele kwa upole kana kwamba ni mamake mwenyewe, akamfikisha Makindu, ambako katika hekalu la Masingasinga wasafiri hupewa chakula na mahali pa kulala bila kuulizwa dini yao. Mimi nilikesha na gari. Tulipokutana asubuhi, mama hakunilaumu hata kidogo. Aliniuliza swali moja tu: "Kwani magurudumu liliyokuja nayo gari yalikuwa na ubaya gani?" Sikuwa na jibu. Mama alipata matibabu, akaishi miaka mingi baadaye, lakini swali lake sijalijibu hadi leo.

Nilimsimulia mpwa wangu kisa hicho, naye hakuwa amewahi kukisikia, ingawa mgonjwa alikuwa nyanya yake. Kisha nikamwonyesha sehemu nyingine ya karatasi yake ambayo hakuwa ameisoma. Gari lenye rimu za inchi 17 lingekuja na tairi la akiba jembamba, lile la muda, lisiloruhusiwa kuzidi kilomita 80 kwa saa na lisilokusudiwa safari ndefu. Lenye rimu za chuma lingekuja na tairi la akiba kamili, sawa na yale manne. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na tairi la akiba lisiloweza kukufikisha nyumbani ni fimbo ya aina hiyo.

Lipo jambo jingine ambalo wenye magari hatulifikirii, nalo linamhusu mtu asiye na gari. Rimu zinazong'aa huvutia wezi. Zikitoweka usiku, na gari likaachwa limekalia mawe, mtu wa kwanza kushukiwa ni mlinzi, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kupoteza kazi, hata kama hana hatia. Ziko nati maalumu zinazofunguliwa kwa ufunguo wake pekee, lakini ufunguo huo ukipotea, fundi wa pancha naye hukwama pamoja nawe. Yule bawabu aliyemwudhi mpwa wangu analinda mali ambayo mshahara wake wa miezi mingi hauwezi kuinunua. Kumwongezea mzigo huo ili atupigie saluti ni kisasi kisichomfaa muungwana.

Wapo watakaosema kwamba gari lenye rimu nzuri huuzika kwa bei bora. Labda, lakini mnunuzi wa kesho huzikagua rimu hizo, na akiona zimekwaruzwa na kuchomelewa huzitumia kuishusha bei ile ile. Wengine watasema kwamba mtu ana haki ya kupenda uzuri. Hilo silipingi kamwe. Anayependa uzuri na ana uwezo wa kuulipia, basi aagize rimu za aloi za kiwandani, lakini za inchi 15, zenye tairi la ubavu mnene, na aulize kwanza kama tairi la akiba ni kamili. Akikosa za kipimo hicho, aridhike na za chuma. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mpwa wangu alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na pale langoni, mjomba?" Nilimjibu kwamba langoni mtu husimama dakika moja, na kwamba yule bawabu akiulizwa jina lake na kujuliwa hali, atalikumbuka gari lile na mwenyewe hata likija bila vifuniko. Barabarani, kwa upande mwingine, atakaa saa mbili kila siku ya kazi, na huko hakuna wa kumpigia saluti.

Aliikunja karatasi yake akaenda zake. Jana alinipigia simu kuniarifu kwamba ameitia sahihi, na kwamba mstari wa rimu ameuacha wazi. Aliongeza kwamba karo ya binti imekwisha kulipwa. Gari litawasili baada ya miezi mitatu, na ameniahidi kwamba safari yake ya kwanza ndefu itakuwa ya kunipeleka Voi kumwona dada yangu. Nimekubali kwa furaha, na nimemwomba tusimame kidogo Makindu.