Nyumba Yetu na Afya: Mende Hashindwi kwa Sumu Tupu

Juma hili tunazungumzia adui mdogo wa jikoni, na tutamtazama akiwa Haydom, mji wa nyanda za juu za Wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara. Mji huo uko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Jioni ikiingia, watu wazima hujitanda blanketi na watoto hukimbilia motoni. Mgeni atokaye Tanga au Dar es Salaam, aliyezoea kuwaona mende wakitembea ukutani kama wenye nyumba, hudhani kuwa katika baridi ile hatawakuta. Lakini na aingie usiku wa manane katika jiko la nyumba ya kupanga na kuwasha taa ghafla: atawaona wakitimka kuelekea nyuma ya kabati.

Wamefikaje huko? Aghalabu tumewabeba sisi wenyewe. Tangu hospitali ya Kilutheri ilipofunguliwa Haydom mwaka 1955, mji umekua: maduka, hoteli, nyumba za wageni, na mabasi yaletayo shehena kutoka Arusha na Babati. Mende mdogo wa jikoni hajui kuruka safari ndefu. Husafiri ndani ya katoni za sabuni, kreti za soda, magunia na redio za mitumba. Akishafika, baridi ya nje haimsumbui sana, maana yeye huishi ndani, nyuma ya jokofu na kando ya jiko, mahali tunapompashia joto bila kujua.

Yafaa tuwatambue mende wa aina mbili. Wa kwanza ni huyo mdogo, mwenye urefu wa kama sentimeta moja na nusu, rangi ya kahawia isiyoiva, na mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Wataalamu humwita mende wa Kijerumani, ingawa uchunguzi uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kuwa asili yake ni Asia. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 mpaka yanapokaribia kuanguliwa, na penye joto la kutosha watoto hukomaa katika muda wa miezi miwili hivi. Wa pili ni mende mkubwa mwekundu, mwenye urefu wa kama sentimeta nne. Huyu hupenda vyoo, mitaro na mashimo ya maji machafu. Basi ukimwona mkubwa jikoni, anza kutazama choo. Ukimwona mdogo, tazama kabati na nyufa za ukuta.

Je, ana madhara gani? Hana ugonjwa wake maalumu kama mbu alivyo na malaria. Kosa lake ni kubeba. Hutoka chooni akiwa na uchafu miguuni, akapita juu ya sahani, kijiko na uji uliolala, na kila alapo hutapika na kuacha kinyesi. Kwa njia hiyo vijidudu vya kuhara na vya homa ya tumbo huweza kuhamia katika chakula.

Wazazi wa Haydom wanayo sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Kati ya mwaka 2009 na 2014 mji wao ulikuwa mmojawapo wa vituo vya uchunguzi uliofanywa katika nchi nane, ambapo watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka miwili. Ilionekana kwamba vijidudu vya tumboni hukutwa hata kwa mtoto asiyeharisha, na kwamba maambukizo ya mara kwa mara huambatana na kudumaa. Hatusemi kuwa mende ndiye chanzo. Maji machafu na vyoo vibovu ndivyo vikubwa zaidi. Lakini mwenye mtoto anayetambaa hana sababu ya kuyafungulia maradhi mlango mwingine.

Tena kuna pumu. Vumbi la magamba na kinyesi cha mende huwadhuru wenye vifua vyepesi. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 1997 ulihusu watoto 476 wenye pumu katika mitaa ya mijini, na zaidi ya theluthi moja miili yao ilikuwa ikikataa mende.

Sasa tufike penye hatari kubwa kuliko mende mwenyewe. Haydom ni mji wa wakulima, na dawa za kuua wadudu wa mahindi na maharage hupatikana kwa urahisi. Wapo wanaozinunua kwa vipimo, zikatiwa katika chupa tupu ya soda, kisha zikanyunyizwa jikoni. Ndugu zangu, dawa ya shamba haikutengenezwa kwa chumba ambamo watoto hulala na chakula hupikwa. Chupa ya soda isiyo na maandishi humwalika mtoto anywe. Mtoto akinywa, atatokwa na mate mengi, atatapika, atakosa pumzi. Asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa au mafuta, bali apelekwe hospitali mara moja, na chupa ile ichukuliwe ili mganga aione.

Na hasara yake haiishii hapo, kwani mende huwa wamebaki. Dawa ya kupuliza huwaua walio wazi. Walio ndani ya ufa hupona, na mayai hukingwa na kifuko chake. Wanaonusurika huzaa kizazi sugu. Mwaka 1993 wataalamu wa Marekani walieleza habari za mende wanaorithi, kizazi kwa kizazi, tabia ya kuichukia glukosi, aina ya sukari iliyokuwa ikitiwa katika chambo chenye sumu!

Basi tufanyeje? Mende ana mahitaji matatu: chakula, maji na maficho. Tumnyime yote.

Kwanza, vyombo visilale na makombo. Sufuria yenye ukoko wa ugali ni karamu ya usiku kucha. Kama maji ni haba, kwangua ukoko, ufunike sufuria kwa uzito. Unga na sukari vikae katika ndoo au debe lenye mfuniko.

Pili, kausha maji. Mende mdogo huweza kukaa majuma kadhaa bila chakula, lakini bila maji hufa mapema zaidi. Kabla ya kulala, futa meza, funika mtungi, na tambaa la kupangusia lianikwe nje.

Tatu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa mende usemi huu ni kweli tupu. Ziba nyufa kwa udongo au saruji. Katoni usizihifadhi: zikung'ute nje, kisha zichome. Magunia ya mavuno yasiegemee ukuta, bali yainuliwe juu ya mbao ili ufagio upite. Tundu la choo liwe na mfuniko.

Nne, tega. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, paka mafuta ya kula ndani ya shingo yake, tia kipande cha mkate kilicholowa pombe. Mende wataingia na hawatapanda tena. Asubuhi wamwagie maji ya moto. Ukihitaji dawa, chagua chambo kilichotengenezwa kwa ajili ya nyumba, kikiwa na maandishi yake, ukiweke ndani ya nyufa mbali na watoto. Mende akila hurudi maficho akafa, na wenzake hula kinyesi na mzoga wake, nao wakafa.

Mwisho, jambo hili haliwezwi na mtu mmoja. Katika nyumba ya kupanga, vyumba sita hutumia ua mmoja na choo kimoja. Mmoja akisafisha na watano wakalala, mende huhama tu kwa siku mbili, kisha hurudi. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, jinsi majirani walivyokusanyika kusikiliza redio, kisha wakaenda pamoja kuchimba vyoo. Desturi hiyo yafaa kurudishwa, japo kwa ua mmoja tu. Wapangaji wakubaliane siku moja ya juma: kila mmoja atoe kabati lake nje juani, aliye na saruji azibe, aliye na ufagio afagie. Na chupa ile ya soda yenye dawa ya shamba, itoke jikoni leo hii.