Mwaka Mpya Hauanzi Tarehe Moja

Kila inapofika usiku wa tarehe 31 Desemba simu zetu hujaa viapo. "Mwaka huu sitaki mchezo." "Mwaka wa kusoma." "Mwaka wa akiba." Watu wanaweka stetasi yenye picha ya jua linachomoza, na wenzao wanaitikia "Amina". Subiri wiki ya pili ya Januari. Aliyeapa kusoma yuko kwenye foleni ya fotokopi akisaka desa usiku wa kuamkia testi. Aliyeapa kuweka akiba anazunguka vyumba vya hosteli akitafuta wa kumkopesha elfu mbili.

Mimi sidhani kwamba wanafunzi wa chuo hiki ni wavivu au waongo. Ninachosema ni kwamba tunadai mabadiliko yaanze Januari mosi bila kuyatengea hata siku moja ya maandalizi, na huku tulikuwa na likizo nzima mkononi. Likizo hii ya mwisho wa mwaka ni fupi, na ikiisha kinachofuata ni UE za muhula wa kwanza. Basi siku hizo kumi na kitu ndizo za kazi. Tarehe moja iwe siku ya kuendelea na jambo ulilokwisha kulianza.

Sisi tuliotoka Kilwa, Lindi na vijiji vya mwambao ule tusingehitaji kuambiwa hili na mtu wa nje, maana kwetu likizo ndiyo msimu wa jando na unyago. Zamani wazee walingoja mavuno yaingie na chakula kiwepo. Siku hizi kalenda ya shule nayo ina sauti, kwa hiyo ngoma nyingi huchezwa mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili, shule zikifungwa. Wamwera, Wamakonde, Wamachinga, Wayao, kila watu wana taratibu zao, na ya ndani si ya kuyamwaga kwenye jarida. Lakini ya nje kila mtu anayajua. Mtoto hutengwa na maisha yake ya kila siku. Hukabidhiwa kwa mtu: mvulana ana mlezi wake kumbini, msichana ana kungwi wake. Hufundishwa kwa nyimbo, na akikosea hurudishwa nyuma mpaka ashike. Mwisho hutolewa mchana kweupe, kavaa nguo mpya, watu wamejaa, ngoma inalia. Tangu siku hiyo akimpita mzee bila kutoa shikamoo, lawama haiishii kwake. Kungwi wake naye ataulizwa: "Wewe, huyu ulimfundisha nini?"

Tazama vizuri hapo. Hakuna mahali ambapo mwali anasimama mwenyewe na kutangaza kwamba kuanzia leo nimekuwa mtu mzima. Wanaotangaza ni wengine, tena baada ya kazi kufanyika. Sisi wasomi tumeligeuza jambo zima: tunatangaza kwanza, kazi itajulikana huko mbele, na msimamizi hatuna.

Najua kuna wa kunirukia, hasa wenzangu wa Elimu, na wana haki. Nilipokwenda BTP mwezi wa saba kwenye shule moja ya kata mkoani Lindi, wiki ya kwanza nikiita majina ya kidato cha kwanza, kila palipokuwa kimya wenzake walinijibu: "Yuko ngomani, mwalimu." Shule ilikwisha funguliwa na ngoma ilikuwa bado haijaisha. Wapo pia mabinti wanaotoka unyagoni wakiwa wamefundishwa mambo ya ndoa kabla hawajamaliza hata shule ya msingi, na hilo si la kulionea haya kulisema. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016 na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Sheria haifiki huko kama hakuna kinachoitaka. Kwa hiyo sisemi turudi kumbini. Nasema tuangalie ule mpango wenyewe: kuna kutengwa, kuna mtu wa kukusimamia, na kuna jambo la kufanya kwa mikono kabla ya kusifiwa.

Tuanze na kutengwa. Ukipanda basi la kusini, ukalivuka Daraja la Mkapa na kuingia Nangurukuru, umeacha nyuma kimbweta chako, kibanda chako cha chipsi na kundi lako. Watu uliowazoea kufanya nao yaleyale hawapo. Hiyo ni nafasi ambayo huipati katikati ya muhula. Nyumbani nako kuna mitego yake, sikatai: ni msimu wa maembe, jua kali, na kijiwe kipo palepale. Kwa dada zetu mtego ni mwingine kabisa. Wewe umekuja likizo, lakini nyumba nzima inakuona ni mpishi na mfuaji aliyerudi. Mzazi anayemtaka binti yake afaulu amwachie walau saa mbili za asubuhi, na kaka mtu achukue ndoo akateke maji, hatavunjika mkono. Na yule asiye na nauli, anayebaki hosteli wakati wengine wameondoka, asijione kakosa. Korido tupu nayo ni mahali pa kutulia.

La pili, chagua jambo moja. Anayependa mipango mikubwa avuke na mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kisiwani akaangalie majengo mawili. Moja ni Husuni Kubwa, jumba la sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Lina vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane linaloitazama bahari. Wataalamu wa mambo ya kale waliolichimbua wanasema halikukamilika, wala halikukaliwa kwa muda mrefu. Jingine ni Msikiti Mkuu. Huo ulianza mdogo kwenye karne ya 11 hivi. Katika karne ya 14 ukaongezwa upande wa kusini. Sehemu ikaanguka, karne ya 15 ikajengwa tena.  Orodha yako ya mambo kumi na mbili ya mwaka mpya ni Husuni Kubwa. Jambo moja unalolifanya leo, likianguka unalisimamisha kesho, ndilo litakalokuwepo mwezi wa sita.

Ukiniuliza jambo lipi, nitakupa mfano wa pesa, kwa sababu ndizo zinazotufedhehesha wengi. Bumu letu la chakula na malazi linakadiriwa kwa shilingi 10,000 kwa siku. Mkupuo wa siku 60 ni 600,000. Zikiingia zote kwa pamoja mtu anajiona tajiri kwa wiki mbili. Sasa likizo hii unakwenda nyumbani wakati wa msimu wa korosho, na huko utakuta watu wenye tatizo lilelile. Korosho zinakusanywa chama cha msingi, zinaingia ghalani, zinauzwa mnadani, na mkulima anasubiri benki. Pesa ya mwaka mzima inakuja kwa mafungu mawili matatu. Kila kijiji kina mkulima ambaye kabla ya Krismasi ameshanunua madaftari na sare za Januari, kalipa vibarua na kaweka mbegu, na kina mwingine aliyenunua spika kubwa. Masika ikifika, kijiji kizima kinajua nani ni nani. Mwendee yule wa kwanza. Mwamkie, kaa naye kwenye jamvi, muulize anagawaje. Hajasoma uhasibu, lakini amefanya kwa miaka ishirini kile ambacho wewe kinakushinda kwa siku 60.

Ukitoka hapo, jaribu. Jiwekee kiasi cha kutumia kwa siku, hata kama ni elfu mbili, kiandike kwenye daftari kila jioni, siku zote za likizo. Ukizidisha leo, kesho punguza. Aliye na shida ya kusoma afanye vivyo hivyo: saa moja kila baada ya alfajiri, kabla jua halijawa kali na kabla hajatumwa sokoni. Kama umeanza tarehe 20 Desemba, Januari mosi inakukuta una siku kumi na mbili za mazoezi, na umeshajua ni siku gani huwa unateleza.

La tatu ndilo tunaloliruka wote: tafuta kungwi wako. Asiwe mpenzi wako, atakuonea huruma. Asiwe mwenzako wa chumba, mnakopeshana. Awe mtu ambaye ukimdanganya utaona haya. Mimi wangu ni mama mdogo anayeuza samaki wa kukaanga Kilwa Masoko. Hajui GPA ni mnyama gani, ila hesabu za ndoo ya samaki anazijua mpaka senti. Kila Jumamosi namtumia meseji: nimetumia kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Nikichelewa anapiga simu, na swali lake ni moja tu: "Mwanangu, daftari linasemaje?" Hakuna stetasi iliyowahi kuniuliza hivyo.

Wapo watakaosema likizo ni ya kupumzika, tuacheni jamani. Pumzikeni. Lala, kula embe, ogelea, watembelee bibi na babu. Saa moja ya kusoma na mistari mitatu ya daftari haiondoi pumziko la mtu. Wengine watasema Januari mosi si sikukuu yetu watu wa mwambao, na mwaka wa Waswahili una siku yake, kama wanavyouadhimisha Makunduchi mwezi wa saba kila mwaka. Sawa kabisa, nami ndilo ninalolisema: siku yenyewe haina miujiza. Muhimu ni kwamba umepewa siku tupu, nazo haziji mara nyingi.

Wengi wetu Elimu tunakaribia kumaliza. Siku hizi walimu nao wanaitwa kwenye usaili, kwa hiyo cheti pekee hakitoshi tena. Na ukishapata kazi, utasimama mbele ya watoto sitini na kuwaambia wabadilike: waache utoro, wasome kila siku, wajipange. Mtoto wa kidato cha kwanza ana macho. Anamjua mwalimu anayesema jambo alilolisikia na anayesema jambo analolifanya.

Basi kabla ya kufunga begi, chukua karatasi uandike mambo matatu: jambo moja, tarehe ya kuanza iliyo ndani ya Desemba, na jina la mtu atakayekuuliza. Halafu mpigie huyo mtu simu leo, kabla basi halijaondoka.